Punje Kumi kwenye Mahame ya Rwezaura

Kila asubuhi huko Kituntu, kabla hakujapambazuka vizuri, ngoma ya sala ililia kigangoni, kwenye kanisa letu dogo. Ilipigwa mara tatu, ikanyamaza, ikapigwa tena mara tatu. Mwaka huo wa 1949 kengele ilikuwa misheni tu, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Sisi wa vigango vya migombani tulikuwa na ngoma. Mkristo aliyeisikia alipiga magoti palepale alipo, hata kama ameshika kibuyu mkononi, na wale waliokuwa bado wanajifunza dini walifanya vivyo hivyo.

Kokuberwa, binti Rwegasira, aliisikia ngoma hiyo vizuri sana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alilala karibu na ukuta wa nyuma, juu ya nyasi laini zilizotandazwa sakafuni.

"Kokuberwa! Umeamka?" mama yake, Verdiana, aliita kutoka mekoni.

"Nimeamka, Mama."

"Umesali?"

"Nasali."

Alianza ishara ya msalaba kwa kidole kimoja, kutoka kwenye paji la uso hadi kifuani. Mkono ukachoka kabla ya kufika begani. Akavuta blanketi mpaka masikioni.

Si kwamba hakuzijua sala. Alizijua zote, tena katika darasa la ubatizo hakuna aliyejibu maswali ya katekisimu upesi kama yeye. Shida yake ilikuwa moja: kila alipoanza, alianza kwa kishindo. Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima aliapa kusali rozari nzima kila asubuhi, tena amepiga magoti kwenye udongo mtupu, pembeni ya nyasi. Jumatatu akaweza. Jumanne akasinzia katikati. Jumatano akasema ataunganisha za asubuhi na za jioni. Alhamisi hakuna cha asubuhi wala cha jioni.

Na Jumamosi Mwalimu Melkiory, katekista wao, aliuliza kama alivyouliza kila Jumamosi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kaptula ya kaki iliyotiwa viraka vitatu kwa uzi mweusi. Aliwasimamisha mmoja mmoja.

"Kokuberwa, wiki hii umeshika sala za asubuhi na jioni?"

"Nimeshika, Mwalimu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Vizuri. Mnajua wenyewe, Padre habatizi kichwa kilichojaa majibu. Kasuku naye hukariri. Anayebatizwa Pasaka ni yule anayesali hata kama hakuna anayemwangalia. Asiyesali atangoja."

Kokuberwa akaketi, masikio yanawaka moto. Kungoja! Mama yake alikwisha kumshonea gauni jeupe la amerikani, limening'inia ukutani. Na jina lake la ubatizo, Anatolia, wenzake walikuwa wameanza kumwita kwa mzaha. Akiambiwa angoje, aibu hiyo angeipeleka wapi?

Jumatatu iliyofuata alichelewa kuamka, kwa hiyo alikwenda kisimani peke yake. Wenzake walikuwa wamekwisha kuteka maji na kurudi. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, mzito hata migomba iliyokuwa hatua kumi mbele yake ilionekana kama watu waliosimama wakingoja kitu. Matone yalidondoka kutoka jani moja hadi jingine, to, to, to.

Njia ya kisimani ilipita kando ya mahame ya Rwezaura. Zamani za babu zetu palikuwa na mji mkubwa pale. Kisha ndui iliingia, na mwezi haukwisha kabla mji mzima haujanyamaza. Tangu hapo hakuna aliyejenga wala kulima pale. Migomba ilibaki bila mwenyewe, imekonda, imesongwa na magugu. Kwenye mlango wa ua wa zamani lilibaki jiwe la kusagia ulezi, limeota ukoga wa kijani. Watoto walipita pale mbio mbio bila kutazama ndani.

Kokuberwa naye alikuwa anapita mbio, kibuyu cha maji kichwani, anarudi nyumbani. Ndipo aliposikia sauti.

Haikuwa sauti ya kuita. Ilikuwa sauti ya chini, kavu, inanung'unika taratibu ndani kabisa ya ile migomba. Ilinung'unika, ikatua, kisha ikatamka wazi:

"Rwezaura."

Kokuberwa akasimama. Maji yalimwagika kutoka kwenye kibuyu, yakamshukia mgongoni, wala hakuyahisi. Sauti ilinung'unika tena kwa kitambo, ikatua.

"Kaijage."

Ikanung'unika tena.

"Kokushubira. Na mwanawe."

Kaijage alikuwa mtoto wa Rwezaura. Kokushubira alikuwa mke wa huyo Kaijage. Hakuna aliyekuwa hai. Majina hayo Kokuberwa aliyasikia kwa wazee, walipokuwa wakisimulia habari za ndui. Sasa yalikuwa yanaitwa moja moja ndani ya ukungu, kama vile mwalimu anavyoita majina ya darasa lake.

Hakumbuki alifikaje nyumbani. Alitaka kusali, lakini sala zote zile alizozijua zilimtoka kichwani. Hakupata hata neno moja la kushika.

Mchana, wakipalilia maharage, alimnong'oneza rafiki yake Placidia.

"We! Umelala njiani ukaota," Placidia alicheka. "Au ulisikia tumbo lako linadai uji."

"Nakwambia waliitana kwa majina! Rwezaura, Kaijage, Kokushubira…"

Placidia akaacha kucheka. Akatazama nyuma yake, kisha akasogea karibu.

"Bibi yangu, kabla hajabatizwa, alikuwa akiwawekea wafu wa mji kahawa. Ile ya kutafuna, anayopewa mgeni. Alisema wakipewa kahawa wanatulia, wanajua wewe si adui. Lakini ukianza hutakiwi kuacha. Siku utakayoruka, wanatoka kukutafuta."

"Mwalimu amekataza mambo hayo."

"Basi pita njia nyingine."

Njia nyingine haikuwepo.

Nyumbani kwao, kama kwa kila mtu, palikuwa na kikapu kidogo chenye mfuniko, kimejaa kahawa iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha ikaanikwa juani mpaka ikakauka. Mgeni akiingia, hata kabla ya kuulizwa habari za kwao, anapewa kahawa atafune. Jumanne alfajiri Kokuberwa alichukua punje kumi, akazifunga katika kipande cha jani kavu la mgomba. Alitoka kabla ya ngoma. Alipofika kwenye mahame aliziweka juu ya jiwe la kusagia, akaondoka bila kugeuka.

Alipopita kesho yake, jiwe lilikuwa tupu. Hata lile jani halikuwepo.

Angekuwa mtu mwingine angesema ni panya, au kima. Lakini panya hachukui jani. Kokuberwa alijua kwamba kahawa yake imepokewa, na kwa kuwa imepokewa, sasa amefungwa. Akaweka punje kumi nyingine.

Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kumwamsha. Mvua ilinyesha, akaenda na jani la mgomba kichwani. Siku moja aliamka na homa, meno yanagongana, mama yake akamwambia, "Lala leo, maji nitateka mimi." Kokuberwa akasema hapana, akajikokota mpaka kwenye jiwe. Jumapili alitangulia kwenye jiwe, ndipo akaenda kanisani. Kila Jumamosi Mwalimu alipouliza habari za sala, alijibu, "Nimeshika," bila hata kukumbuka kuona haya.

Sauti haikunyamaza. Kila asubuhi ilikuwa pale, inanung'unika na kutua, inaita majina. Kokuberwa aliyahesabu: yalikuwa tisa. Alipokaribia kuizoea, likatokea jambo lililomkausha damu. Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa ameinama kwenye jiwe, sauti ikamaliza jina la tisa, mahali ambapo siku zote yeye huwa amekwisha kukimbia, ikanung'unika tena. Kisha ikasema:

"Na wewe uletaye kahawa."

Hakungoja asikie zaidi. Kokuberwa alipogeuka kukimbia aliona kitu cheupe kinasogea katikati ya ukungu, chini chini, kama kitu kinachoinuka kutoka ardhini.

Usiku na mchana aliyasikia maneno yale. Ameingizwa kwenye hesabu. Yeye ndiye wa kumi.

Jumapili mbili kabla ya Pasaka, Mwalimu Melkiory alitembelea nyumba za watoto wa ubatizo. Kwa Rwegasira alifika alasiri.

"Tumsifu Yesu Kristo!" alibisha hodi.

"Milele na milele, amina! Karibu, Mwalimu, karibu ndani," Rwegasira alimpokea, akamkalisha kwenye kigoda kizuri. "Kokuberwa, mletee Mwalimu kahawa."

Kokuberwa hakusogea.

"Husikii? Lete kahawa!"

Verdiana mwenyewe akaenda kukichukua kikapu, akakileta kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mwalimu akafunua mfuniko, akatazama, akaufunika tena taratibu. Ndani mlikuwa na vumbi na kikonyo kimoja.

Rwegasira alitamani ardhi ipasuke. Katika maisha yake yote hakuna mgeni aliyekaa kwake kinywa kitupu.

"Mama Kokuberwa! Kikapu hiki nilikijaza mwenyewe mwezi jana!"

"Kweli ulikijaza. Hata mimi sielewi. Mgeni wa mwisho alikuwa shemeji, akatafuna punje mbili."

Wote wawili wakamgeukia binti yao. Kokuberwa alifungua kinywa aseme hajui. Badala yake akaanza kulia, na kilio kikatoa yote: sauti, majina, jiwe, punje kumi kila siku, na yale maneno ya Ijumaa. Alipofika hapo hakuweza kuzuia na lile jingine.

"Na sala sikushika, Mwalimu. Niliapa rozari nzima, nikashindwa siku ya pili. Wiki zote nilikuwa nakudanganya. Ndiyo maana wamenipata."

Rwegasira aliinuka na kutafuta fimbo. Mwalimu akamshika mkono.

"Ngoja, ndugu yangu. Binti, umekwenda huko mara ngapi?"

"Asubuhi ishirini, pamoja na hii ya leo."

"Hukuruka hata moja?"

"Ningerukaje? Wangenifuata."

Mwalimu alikigeuzageuza kile kikapu kitupu. "Kesho nitamwachia mtu mwingine apige ngoma ya sala," alisema mwisho. "Nitakuja tuende wote."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kupita siku zote. Mwalimu alitangulia. Kokuberwa alimfuata akiwa ameshika pindo la shati lake kama mtoto mdogo. Mbali nyuma yao ngoma ikalia mara tatu, ikanyamaza, ikalia tena mara tatu. Na kabla mlio haujaisha, ndani ya mahame sauti ikaanza.

"Unasikia, Mwalimu?"

Mwalimu alisikia. Kokuberwa aliona vinyweleo vya shingo yake vimesimama. Hata hivyo alifanya ishara ya msalaba, pana, kutoka bega hadi bega, akaruka lile jiwe na kuingia kwenye magugu. Nyasi zenye umande ziliwalowesha mpaka magotini. Walipita nguzo moja ya nyumba iliyooza, wakapita mahali palipokuwa na vifusi tisa vya mawe vimepangwa mstari. Mwisho wa mstari palikuwa na mtu.

Alikuwa ameinama karibu kugusa udongo, amejifunika kaniki iliyofifia na juu yake shuka jeupe. Mbele yake, juu ya kipande cha jani kavu, zilikuwa punje nane za kahawa, na mbili zimetengwa upande wa pili. Akanung'unika mpaka mwisho, akasema, "Kokushubira. Na mwanawe." Kisha akachukua punje moja kwa vidole vyembamba, akaihamishia upande wa pili wa jani.

"Bibi Kemirembe!" Mwalimu alisema.

Kizee akaruka kwa hofu. Kokuberwa naye akapiga yowe, kwa maana Kemirembe alijulikana kata nzima. Ujanani alikuwa mbandwa, yule anayepandwa na mizimu na kuwaagulia watu. Sasa alikaa kwa mpwa wake, ng'ambo ya kilima, na watoto hawakuthubutu kumsalimia.

"Mmenishtua jamani! Mnataka na mimi nilale hapa leo?" Kemirembe alisema, ameshika kifua. "Nami sijamaliza. Ngojeni, nikikatiza nitachanganya."

Wakasimama wakangoja, katika ukungu ule, mpaka amalize. Sala aliyoisali ilikuwa Salamu Maria, kwa Kinyambo, lugha yetu. Maneno mawili aliyageuza nyuma mbele. Alisali, akataja jina la marehemu, akahamisha punje. Alipofika ya kumi akasema, "Na wewe uletaye kahawa, popote ulipo, Mungu akutazame." Ndipo akageuka.

"Haya, semeni."

"Bibi, nani amekufundisha?"

"Si wewe? Huwa nakaa nyuma ya ukuta wa kanisa lako, upande wa jua. Unasema kwa nguvu, hata kiziwi angejifunza." Akacheka, akaonyesha meno matatu. "Nyumbani kwa mpwa wangu siwezi. Watoto wananiigiza. 'Mbandwa anasali! Mbandwa anasali!' Nikaona nije huku. Mume wangu Rwezaura yuko hapa, wanangu wako hapa, ndui iliniacha mimi tu; wao hawacheki. Nikisikia ngoma naanza, kila mmoja sala yake. Kwanza nilihesabu kwa vijiwe, macho hayaoni, nikawa narudia watu. Kisha siku moja nakuta kahawa nzuri kwenye jiwe langu la kusagia. Kumi! Nikasema, Mungu ameona kizee anahangaika. Wangu ni tisa, basi ya kumi nikampa aliyetumwa kuileta." Akashusha sauti. "Nikimaliza naitafuna. Anisamehe tu, kahawa ni kahawa."

Kokuberwa alikuwa amekaa chini kwenye umande. "Ni mimi, Bibi," alisema. "Lakini sikutumwa na Mungu. Nilikuogopa. Nilidhani ni wafu."

Kemirembe alimgeukia. "Kwa hiyo asubuhi zote hizo nilikuwa nakuombea, na wewe unanikimbia," alisema, akatikisa kichwa. "Haya. Sala haikupotea. Si umefika?"

Mwalimu Melkiory akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya Kokuberwa.

"Ulijiambia huwezi kushika sala kila siku," alisema. "Lakini asubuhi ishirini ulikuja hapa, kwa mvua na kwa homa. Kushika unaweza, ila ulichoshika kilikuwa hofu. Na tazama tofauti: wewe uliapa rozari nzima ukashindwa siku ya pili. Bibi amechukua sala kumi fupi, saa ileile, mahali palepale, na hajaacha. Anza na kile unachoweza kukirudia kesho."

"Na ubatizo wangu, Mwalimu?"

"Sitakusemea kwa Padre, wala kwa mema wala kwa mabaya. Utasema mwenyewe."

Tangu kesho yake Kokuberwa alikwenda kwenye mahame ngoma ikilia, akapiga magoti kando ya Kemirembe. Siku za kwanza bado aliogopa, maana ukungu ulikuwa uleule na vifusi vilikuwa vilevile. Alipokosea, bibi alimfinya kidole. Bibi alipokosea, yeye alimsahihisha kwa sauti ya chini, na wote wakacheka kidogo.

Jumamosi Kuu watoto walikwenda misheni. Padre aliuliza swali lilelile. Placidia alijibu, akapita. Wengine wakajibu, wakapita. Ikafika zamu ya Kokuberwa, naye gauni jeupe liko kwenye furushi mkononi.

"Nimeshika siku kumi na mbili, Padre," alisema. "Kabla ya hapo nilidanganya."

Padre alimshukuru kwa kusema kweli. Kisha akamwambia angoje mpaka Pentekoste.

Kesho yake aliwatazama wenzake wakibatizwa, yeye amesimama nyuma kabisa ya kanisa, machozi yanamtoka. Njiani kurudi, Placidia alimchokoza, "Anatolia bado yuko njiani anakuja?" Kokuberwa alilibana furushi lake kwapani, akaendelea kutembea. Lakini Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo kijiji kizima kililala mpaka jua likapanda, kwenye mahame palikuwa na sauti mbili.

Alibatizwa Pentekoste, wiki saba baadaye. Kando yake alibatizwa Kemirembe, ambaye Padre alimpunguzia masomo kwa sababu ya uzee. Rwegasira alitengeneza kahawa mpya, akawapa wageni wote, na mbele ya watu akamkabidhi Kemirembe ya kwake mkononi.

Asubuhi iliyofuata ngoma ililia kama kawaida. Anatolia, ndilo jina lake sasa, alimkuta bibi amekwisha fika.

"Bibi, Jumamosi Mwalimu hatatuuliza tena," alisema. "Sisi tumekwisha batizwa. Hakuna atakayejua tukilala."

"Ndiyo," bibi alijibu. "Mpaka jana tulikuwa tunafundishwa. Mtu akiacha siku ambayo haulizwi, alikuwa anasali kumridhisha anayeuliza. Wewe na mimi, mwanangu, kusali kwetu kunaanza leo. Haya, piga magoti, Rwezaura anangoja."